Santuri za zamani zimepatikana: usiweke sindano bado

Santuri inaweza kulala ndani ya boksi miaka arobaini bila kuguswa na mtu, ikatoka nzima kabisa, halafu ikaharibiwa mchana mmoja na mtu aliyefurahi kuiona. Nimelishuhudia hilo mara nyingi. Ndiyo maana mtu akinipigia simu kwa furaha kuniambia kwamba wamefungua sanduku la marehemu babu na limejaa muziki, swali langu la kwanza huwa: "Mmeshazipiga?" Jibu likiwa hapana, nashusha pumzi. Likiwa ndiyo, nauliza kwa mashine gani, na mara nyingi ni ile iliyotoka kwenye sanduku hilohilo, yenye sindano ambayo haijabadilishwa tangu babu alipokuwa kijana.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya siku hiyo ya kwanza na siku chache zinazofuata. Futa meza. Tafuta taa. Nawa mikono na uikaushe vizuri, maana mafuta ya vidole hunasa vumbi, na vumbi lenye mafuta halitoki kwa kupuliza. Shika santuri kwa ukingo na kwa lebo ya katikati tu. Usiiguse pale penye muziki, hata kwa ncha ya kidole.

Na usitenganishe vitu. Karatasi ya maneno ya nyimbo, risiti, picha ya msanii, kipande cha gazeti kilichokunjwa ndani ya kava, barua: kila kimoja kirudi kilipotoka. Wauzaji huhesabu jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu kwenye kona ya kava kuwa ni dosari inayoshusha bei. Mimi nalihesabu kuwa sehemu ya santuri. Ukilikuta jina lilelile kwenye santuri moja baada ya nyingine, pengine na tarehe, umeshamfahamu msikilizaji: alipenda nini, alibadilika lini, aliacha kununua mwaka gani. Ukizichanganya na nyingine kabla ya kuandika orodha, habari hiyo imepotea na hakuna wa kuirudisha.

Kwanza ujue umeshika nini

Watu wengi huona santuri nyeusi na kudhani zote ni kitu kimoja. Sivyo, na hapa ndipo maangamizi yanapoanzia.

Ikiwa ni nene, nzito kwa ukubwa wake, haipindi hata kidogo, na kila upande una wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, hiyo ni santuri ya shelaki, ya kasi ya mizunguko 78 kwa dakika. Shelaki ni utomvu wa mdudu, uliochanganywa na unga wa mawe, na huvunjika kama sahani ya udongo ikianguka. Zilitawala nusu ya kwanza ya karne ya 20, na katika nchi kadhaa ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960. Nyingi hazikuandikwa kasi kwenye lebo, kwa hiyo usisubiri kuona namba 78.

Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya vinili, yaani ya plastiki, ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Hiyo ndiyo LP. Mwaka uliofuata RCA Victor wakajibu kwa santuri ndogo ya inchi 7 ya mizunguko 45, yenye tundu kubwa katikati. Tundu hilo linahitaji kipande cha plastiki cha kulijaza, na kipande hicho hupotea kuliko kitu kingine chochote, hivyo pekua chini ya boksi kabla ya kulitupa.

Tofauti kubwa haionekani kwa macho: upana wa mfereji ambao sindano inapita. Ncha ya sindano ya LP ina nusu kipenyo cha mikromita 18 hivi; ya shelaki ni karibu mikromita 76. Ukiiweka ya LP kwenye shelaki, inazama hadi chini na kusoma taka za miaka yote. Ukiiweka ya shelaki kwenye LP, inapasua kuta za mfereji na muziki haurudi tena. Mashine nyingi za zamani zina kichwa (kile kinachoshika sindano) cha kugeuza, upande mmoja kwa 78 na upande wa pili kwa LP. Hakikisha upande ulio chini ndio unaotakiwa.

Ipo aina ya nne, na hiyo ndiyo inayonitetemesha. Ni santuri nyeusi inayong'aa, ukitazama ukingoni au kwenye tundu la katikati unaona chuma, kwa kawaida alumini. Lebo yake imeandikwa kwa mkono au kwa taipu, na wakati mwingine kuna matundu mengine madogo karibu na lile la kati. Hiyo haikuchapwa kiwandani. Ilikatwa moja kwa moja, palepale, na inawezekana ndiyo nakala pekee duniani: matangazo ya redio, bendi ikijaribiwa, harusi, sauti ya mtu wa familia akisalimia. Tabaka lake la juu ni laini sana. Kila ikipigwa inalika, na utando mweupe unaoonekana juu yake ni dalili kwamba tabaka hilo limeanza kuchakaa. Usiioshe, usiipige. Iweke wima kwenye mfuko safi na umtafute mtu wa maktaba ya sauti au studio yenye uzoefu wa kuihamishia kwenye kompyuta. Itapigwa mara moja tu, na mtu anayejua afanyalo.

Taa moja, jicho moja

Zima taa ya dari. Tumia taa moja ya mezani, au tochi ya simu, na uilenge kwa mshazari, mwanga utambae juu ya santuri badala ya kuipiga usoni. Izungushe polepole. Mwanga wa juu husamehe kila kitu; mwanga wa pembeni unaonyesha hali halisi.

Utaona mikwaruzo mingi myembamba kama nyuzi, iliyoelekea huku na huku. Hiyo ni ya kutolewa na kurudishwa kwenye mfuko wa karatasi, na mara nyingi haisikiki kabisa. Usiikatae santuri kwa ajili yake. Mkwaruzo wa kuogopa ni ule unaokata mifereji kwa kina. Kama kuna mahali pa kupitisha ukucha kwa wepesi sana, ni hapo tu; ukucha ukinasa, mkwaruzo huo utausikia. Kwenye LP mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, kwa hiyo mkwaruzo uliokatiza hutoa mlio wa "ta" kila sekunde 1.8, mpaka utakapoisha. Huo unavumilika. Mbaya zaidi ni mfupi unaofuata njia ya mfereji, karibu sambamba nao, kwa sababu ndio unaoitoa sindano kwenye njia yake ikaruka mbele au ikarudia neno moja bila kukoma.

Kisha tazama rangi. Vinili iliyotunzwa ni nyeusi ya kung'aa. Ikiwa na ukijivu, hasa penye sauti kubwa na kwenye wimbo wa mwisho karibu na lebo, mifereji imeliwa na sindano nzito au butu. Hapo hakuna sabuni itakayosaidia. Utazamapo kwa haraka santuri hiyo ni safi, haina mkwaruzo hata mmoja, lakini itakwaruza masikio kwenye kila herufi ya "s". Muuzaji asiyejua atakuapia kwamba ni mpya.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni tundu la katikati. Kila mtu anapoweka santuri kwenye mashine bila kuangalia, ncha ya kile kijiti cha kati hupapasa lebo ikitafuta tundu, na huacha mstari mwembamba wa kung'aa. Lebo yenye mistari michache inamaanisha santuri iliyopigwa mara chache, au mwenye mikono mitulivu. Lebo iliyochorwachorwa mpaka wino umefifia kuzunguka tundu inakueleza kwamba santuri hii ilipendwa, ilipigwa usiku, na pengine na watu waliokuwa wakicheza. Kava linaweza kubadilishwa, lebo haidanganyi.

Mwisho, iweke kwenye mashine bila kushusha sindano, iache izunguke, uinamishe macho yawe sawa na uso wake. Ikipanda na kushuka kidogo, sindano itafuata. Ikiruka kama wimbi kali ukingoni, imepata joto. Usijaribu kuinyoosha kwa pasi, oveni au kuilaza juani chini ya kioo. Unachonyoosha upande mmoja unakiyeyusha upande mwingine.

Maandishi yasiyochapwa kwenye kava

Kati ya wimbo wa mwisho na lebo kuna uwanja mtupu wa vinili. Ulenge kwa tochi. Utakuta namba na herufi zilizochongwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri, na hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha santuri yako. Kava linaweza kuandikwa 1965 na santuri ikawa imechapwa miaka ishirini baadaye; uwanja huo ndio unaosema ilitoka kwenye sahani gani ya kuchapia ya kiwandani.

Mafundi waliokata sahani hizo waliweka alama zao. Bob Ludwig wa Marekani aliweka herufi RL. George Peckham wa Uingereza aliandika "A Porky Prime Cut". Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi ya kampuni ya Blue Note, aligonga jina lake, VAN GELDER, au kifupi cha RVG. Kwenye santuri za Blue Note za zamani kuna pia alama iliyochorwa mfano wa sikio. Kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichozichapa hadi katikati ya miaka ya 1960. Ukiongeza anwani iliyo kwenye lebo (767 Lexington Ave katika miaka ya 1950, baadaye 47 West 63rd, kisha NEW YORK USA peke yake) unaweza kuipanga santuri kwenye kipindi chake bila kuuliza mtu. Usitegemee alama moja tu, kwa sababu lebo zilizobaki ghalani ziliweza kutumika baadaye. Alama zikikubaliana, umepata jibu.

Ukishaziandika namba hizo, zitafute kwenye Discogs, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2000 na inayojazwa na wapenzi wa muziki wenyewe. Linganisha herufi kwa herufi. Na ukitaka njia ya haraka ya kutenganisha za zamani na zilizorudiwa, geuza kava utafute ile mistari ya kusomwa na mashine za dukani. Bidhaa ya kwanza kusomwa hivyo dukani ilikuwa Juni 1974, huko Ohio, na makava ya santuri yalianza kuwa na mistari hiyo mwishoni mwa muongo huo. Kava linalodai kuwa la 1962 na lina mistari hiyo ni toleo la baadaye. Si kosa, linaweza kuwa na sauti nzuri sana, lakini usililipie bei ya mzee.

Kuosha

"Mjomba, tupige hii moja tu kwanza, tusikie," ndivyo binti wa dada yangu anavyoniambia kila mara tukifungua boksi. Namjibu, "Subiri mwanangu, ioge kwanza." Sindano ikipita kwenye vumbi hailiondoi. Inalisukuma, inalisaga, na kulishindilia kwenye kuta za mfereji. Upande mmoja wa LP ni mfereji mmoja tu uliojizungusha, na ukiunyoosha unakaribia nusu kilomita. Hiyo ndiyo njia ambayo uchafu unakokotwa.

Kama kuna ukungu, ule wa vidoa vyeupe au kijivu wenye harufu ya chumba kilichofungwa, fanyia kazi nje, funika pua na mdomo, na usichanganye santuri hizo na nyingine mpaka ziwe zimeoshwa na kukauka. Mfuko wa karatasi wenye ukungu utupe, lakini upige picha kwanza kama una maandishi.

Kwa vinili ninatumia maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi wala madini, kwa sababu maji ya bomba yakikauka huacha chokaa mle ndani. Tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato wala mafuta ya kulainisha mikono yanatosha kwa bakuli zima. Naanza kwa brashi laini kavu kuondoa vumbi la juu. Kisha natandika taulo safi, nalaza santuri, nalowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na kufuata mfereji, kwa mduara, upande mmoja kisha mwingine. Kamwe usifute kutoka katikati kwenda nje. Hapo unakatiza njia na kuburuta mchanga juu ya kuta. Kitambaa kikichafuka, geuza upande safi. Maji yasifike kwenye lebo, maana wino wa zamani hutoka na karatasi hukunjamana. Suuza kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, mara mbili kama kuna haja, kwa sababu sabuni iliyobaki ndiyo itakayojikusanya kwenye ncha ya sindano. Iegemeze wima mpaka ikauke kabisa. Usitumie mashine ya kukausha nywele.

Kisha iweke kwenye mfuko mpya wa ndani. Ukiirudisha kwenye mfuko ule wenye vumbi, umefanya kazi bure. Ule wa zamani ukiwa na picha au maneno ya nyimbo, utunze ndani ya kava, mtupu.

Shelaki ina sheria yake: spiriti isiikaribie. Spiriti huiyeyusha. Dawa nyingi za kusafishia santuri zinazouzwa zina spiriti ndani, kwa hiyo soma chupa. Kitambaa chenye unyevu kidogo, futa upesi, kausha upesi, isilowe.

Mashine

Hapa sitakawia, kwa sababu ukibadilisha sindano tu umeshamaliza sehemu kubwa. Ncha ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000 za muziki, na hakuna anayejua ile uliyoikuta imepiga saa ngapi. Inunue mpya, inayolingana na namba ya kichwa chake. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ya mashine nao huwa umelegea au umekauka. Muziki ukiwa mzito na unayumba, anza kuukagua huo.

Mashine ikae mahali palipo sawa. Kama mkono unaobeba kichwa una uzito wa kurekebisha nyuma, uache uelee hewani bila kupanda wala kushuka, weka namba kwenye sifuri, halafu uongeze mpaka uzito aliouelekeza mtengenezaji wa kichwa. Vichwa vingi vya sumaku vya leo vinataka kati ya gramu 1.5 na 2.5. Usiweke sarafu juu ya kichwa ili sindano isiruke. Kuruka ni taarifa: kuna uchafu, au mkwaruzo, au mkono umekaza. Sarafu huinyamazisha taarifa hiyo kwa kuichimba santuri. Zile mashine ndogo za sanduku zenye spika ndani, nyingi hukandamiza kwa uzito mara mbili au zaidi ya huo na hazina pa kurekebisha. Kwa santuri ya kawaida sina ugomvi nazo. Kwa ile uliyoikuta kwenye sanduku la familia, nakusihi utafute nyingine.

Ukiunganisha mashine na amplifaya na kusikia sauti nyembamba, ya mbali, isiyo na besi, santuri haina tatizo. Tangu 1954 viwanda vilikubaliana kanuni moja ya kukata santuri: besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa wakati wa kukata, na amplifaya huzirudisha mahali pake wakati wa kupiga. Chomeka kwenye tundu lililoandikwa PHONO, au nunua kiboksi kidogo kinachofanya kazi hiyo.

Kaseti, kanda za video, mabango na midoli

Ni nadra sanduku kuwa na santuri tupu. Kwenye kaseti, zilizoletwa na Philips mwaka 1963, nakushauri uzitenge mara moja katika mafungu mawili: zilizonunuliwa dukani na zilizorekodiwa nyumbani. Za dukani zipo nyingine duniani. Za nyumbani hazipo. Zile zenye mwandiko wa kalamu, "Redio Jumapili" au jina la mtoto, ndizo za kuhamisha kwanza kwenye kompyuta, kabla hujagusa albamu yoyote maarufu. Vunja vile vibao viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tazama kama kile kipande cha sufi kilichobandikwa kwenye chuma chembamba katikati ya mdomo wa kaseti bado kipo. Gundi yake hukauka na kikadondoka, na bila hicho kaseti nzima husikika imefifia. Zungusha kwa penseli ya pembe sita uone kama mkanda unakwenda bila kukwama, kisha upeleke mbele mpaka mwisho na kuurudisha kabla ya kuupiga. Kaseti za C120, zile za dakika 120, mkanda wake ni mwembamba sana, ziendee taratibu.

Kanda za VHS, angalia kwenye dirisha lake: unga mweupe kwenye kingo za mkanda ni ukungu. Usiiingize kwenye deki, kwa sababu deki itachafuka na kuambukiza kanda zote zitakazofuata.

Wakati wa kuhamisha sauti, rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, biti 24. Wahifadhi wa nyaraka hupendelea kilohezi 96. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Usikimbilie kuondoa kelele. Hifadhi kwanza nakala jinsi ilivyo, na kelele zake, sehemu mbili tofauti, halafu ndipo uchezee nakala ya tatu.

Midoli na michezo ya betri: kabla ya yote fungua kifuniko cha betri. Betri zilizosahaulika huvuja na kula shaba. Vaa glavu, zitoe, na ule unga mweupe au wa kijani ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha ukaushe.

Mabango, majarida na vitabu vya katuni vinaogopa vitu vitatu: mwanga, unyevu, na watu wenye selotepu. Gundi ya selotepu hugeuka kahawia na kupenya karatasi, na kuitoa ni kazi ya mtaalamu. Usibandike, usipige laminesheni, usinyooshe mikunjo kwa pasi. Mabango mengi ya sinema ya Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalipelekwa kwenye kumbi yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mistari ya mikunjo kwenye bango la enzi hizo inaweza kuwa ushahidi kwamba ni la kweli. Ukitaka kutundika, tundika nakala.

Kutunza, na kutafuta nyingine

Santuri husimama wima, kama vitabu, zikiwa zimebanana kiasi bila kusukumana. Zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini hupinda na makava huchapwa duara. Santuri 100 na makava yake hufika kilo 20 hadi 30, basi kagua rafu yako kabla ya kuipakia. Ziwe mbali na dirisha, jiko na ukuta unaopigwa na jua; gari lililofungwa juani linatosha kuzipinda. Mifuko ya nje ya plastiki isiwe ya PVC, ile laini yenye harufu kali, kwa sababu ikikaa miaka huacha ukungu wa kemikali juu ya vinili usiofutika.

Ukishaonja sanduku moja utataka jingine, na hutakuwa peke yako. Mwaka 2022 Marekani iliuza santuri nyingi kuliko CD, milioni 41 kwa milioni 33, kwa mara ya kwanza tangu 1987. Bei imefuata. Ukinunua kwa mtandao, wauzaji hutumia herufi: NM ni karibu mpya, VG+ imetumika kwa adabu, VG ina kelele utakazozisikia, na G, ambayo jina lake ni "nzuri", kwa kweli ni chakavu. Muulize muuzaji kama ameisikiliza au ameitazama tu. Na unapotafuta thamani, soma bei ambazo santuri ziliuzwa, si bei ambazo watu wanaomba. Sokoni na minadani chomoa santuri nje ya kava kila mara, hakikisha ndiyo iliyoandikwa, na kama ni albamu ya santuri mbili, zote mbili zimo. Nunua ile utakayoipiga. Mimi huchukua bila kusita santuri yenye kava lililochanika na vinili safi, na naacha ile ya kinyume chake.

Zitakuwepo ambazo huzihitaji, na mtu wa mbali atakuomba. Unapoituma, usiiache santuri ndani ya kava, kwa sababu njiani itagonga mshono na kuupasua. Itoe pamoja na mfuko wake wa ndani, iweke nyuma ya kava, kadibodi ngumu pande zote mbili zinazozidi santuri kidogo kila upande, na ubane isicheze. Shelaki iongezee sponji mbele na nyuma, na uandike juu ya boksi kwamba inavunjika.